Maswali ya ukoo katika mitihani ya mantiki: chora kilichosemwa, acha wazi kisichosemwa

Mtahiniwa anayekosa swali la ukoo kwa kawaida anajua vizuri shangazi ni nani na mjomba ni nani. Kinachomwangusha ni kitu alichokiongeza mwenyewe. Swali limesema "K ni mtoto wa L", naye kichwani amekwisha kumwona L kama baba. Swali limesema "M ni ndugu wa N", naye ameandika kaka. Kuanzia hapo kila hatua yake inaweza kuwa sahihi na jibu bado likawa bovu. Mtunzi wa mtihani anaijua tabia hiyo, na jibu hilo bovu ameliweka miongoni mwa machaguo.

Mbinu zote zinazofuata zinarudi kwenye kanuni moja: karatasi yako ibebe kile tu ambacho swali limekisema, na pale liliponyamaza paonekane kwamba liko kimya.

Vunja kila cheo kabla ya kuchora

Undugu wowote, hata uwe mrefu vipi, umejengwa kwa mambo manne: nani amemzaa nani, nani ameoana na nani, akina nani wamezaliwa na wazazi wale wale, na nani ni mwanamume au mwanamke. Vyeo vingine vyote ni mchanganyiko wa hayo. Shangazi ni ndugu wa kike wa baba. Mkaza mwana ni mke wa mtoto wa kiume. Ukikutana na cheo cha namna hiyo, kivunje papo hapo, kwa sababu kimebeba taarifa zaidi ya moja. "Q ni mama mkwe wa U" inakupa tatu kwa mpigo: Q ni mwanamke, Q ana mtoto, na mtoto huyo ameoana na U. Haikuambii kama U mwenyewe ni mwanamume au mwanamke.

Vyeo vinavyostahili uangalifu zaidi:

- Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Baba mkubwa, baba mdogo au ami ni ndugu wa kiume wa baba. Cheo kikitajwa kwa Kiswahili, upande wa ukoo umekwisha kutajwa.
- Mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu wa kike wa mama.
- Mpwa, mjukuu, binamu na shemeji havitaji jinsia. Kila unapoviona, weka alama ya kuuliza.
- Wifi hutaja jinsia mbili: anayeitwa wifi na anayemwita hivyo wote ni wanawake.
- Mkwe ni cheo chenye ncha mbili. Anaweza kuwa mzazi wa mume au mke wako, na anaweza kuwa mume au mke wa mtoto wako. Swali likisema "mkwe" bila kuongeza neno, hujui kama unapanda kizazi au unashuka.

Katika mazungumzo, mtoto wa baba mdogo ni kaka yako au dada yako, wala hakuna anayeshangaa. Kwenye mtihani kaka na dada ni watoto wa wazazi wale wale, na mtoto wa baba mdogo huwekwa pamoja na binamu. Ukileta mazoea ya nyumbani kwenye mchoro utaunganisha matawi mawili yaliyopaswa kutengana.

Mtihani uliotungwa kwa Kiingereza unadai tahadhari ya aina nyingine. Lugha hiyo ina neno moja kwa mjomba, baba mdogo na hata mume wa shangazi, kwa hiyo usiandike "upande wa mama" mpaka sentensi nyingine ikuonyeshe. Lakini viwakilishi vyake vya nafsi ya tatu umoja hutaja jinsia, jambo ambalo "yeye" na "wake" havifanyi. Mara nyingi kiwakilishi kimoja katikati ya sentensi ndefu ndicho dalili pekee kwamba mtu fulani ni mwanamke. Kipigie mstari unaposoma mara ya kwanza.

Mchoro na alama zake

Zungushia mraba herufi ya mwanamume na duara herufi ya mwanamke. Asiyejulikana jinsia, iache herufi yake tupu. Wanandoa waunganishe kwa mistari miwili ya mlalo, ndugu kwa mstari mmoja wa mlalo, mzazi na mtoto kwa mstari wa wima. Watu wa kizazi kimoja wakae kwenye safu moja hata kama bado hujui uhusiano wao. Safu hizo ndizo zitakazokuokoa baadaye, kwa sababu mtu aliyeandikwa juu au chini ya mahali pake huharibu kila jibu linalomgusa.

Watu wengi huweka alama ya kujumlisha kwa mwanamume na ya kutoa kwa mwanamke. Ni haraka kuandika, lakini itakuchanganya ukifika kwenye maswali ya alama, ambako kujumlisha na kutoa vina maana nyingine kabisa. Mraba na duara hazigongani na chochote.

Anza kuchora na sentensi iliyobeba taarifa nyingi zaidi, hata kama ni ya mwisho kwenye orodha. Sentensi inayomtaja babu au mama mkwe inakupa vizazi viwili au vitatu kwa mara moja, wakati "A ni ndugu wa B" inaweza kuelea popote. Zinazoelea ziandike pembeni kama vipande vidogo, kisha uviunganishe pale herufi ya pamoja inapotokea.

Mitihani hii ina dhana zake za kimya: mke wa baba ni mama, ndugu ni wa baba na mama wale wale, mtu ana mwenzi mmoja, na watu wa damu moja hawaoani. Tumia dhana hizo mpaka swali liseme vinginevyo. Majina ya watu ni suala tofauti. Ikiwa jina ndilo ushahidi pekee wa jinsia, na miongoni mwa machaguo lipo "haiwezekani kujua", lichunguze chaguo hilo kwa makini sana kabla ya kuliacha, hasa kama watu wengine kwenye swali wametajwa jinsia zao wazi.

Hesabu ya vizazi

Hii ni njia ya haraka ya kufuta machaguo, na inastahili kuwa mazoea. Kila unapopanda kwa mzazi, jumlisha 1. Ukishuka kwa mtoto, toa 1. Ndugu, mume na mke ni 0. Babu, bibi na mjukuu ni hatua 2, kitukuu ni 3. Mama mkwe na baba mkwe ni 1 juu. Mjomba, shangazi, ami na mama mdogo pia ni 1 juu. Mpwa ni 1 chini. Binamu, shemeji na wifi ni 0.

Chukua kauli hii: "mume wa binti wa mama mkwe wa baba yangu". Anza na mimi, 0. Baba, +1. Mama mkwe wake, +2. Binti wa huyo, +1. Mume wa binti, +1. Mtu huyu yuko kizazi kimoja juu yangu, kwa hiyo machaguo kama kaka, babu, binamu na mpwa yamekufa kabla hujachora mstari hata mmoja.

Hesabu haikwambii ni nani hasa kati ya watu wa kizazi hicho. Mama mkwe wa baba ni mama wa mama yangu. Binti wake anaweza kuwa mama yangu, na hapo mume ni baba yangu mwenyewe. Anaweza pia kuwa mama mdogo au mama mkubwa, na hapo mume ni mtu mwingine. Kauli ilivyo haina jibu moja. Ikiongezwa neno moja, "binti pekee", jibu linakuwa baba. Maneno "pekee", "tu" na "mmoja" ndiyo misumari ya swali, na anayeyapita kwa haraka hupoteza alama ambazo alikuwa amekwisha kuzipata. Tofautisha pia "mtoto pekee" na "mtoto pekee wa kiume": wa kwanza hana ndugu kabisa, wa pili anaweza kuwa na dada watano.

Kauli za kuonyesha picha

Aina hii huwa na mtu anayemwonyesha mwingine na kumweleza kwa mzunguko. Siri yake ni kuanza na neno "yangu" na kurudi nyuma hatua kwa hatua, ukibadilisha kila kipande kuwa mtu mmoja.

"Huyu ni binti wa mtoto pekee wa babu yangu mzaa baba." Anza mwishoni: babu mzaa baba. Mtoto wake pekee lazima awe baba yangu. Binti wa baba yangu ni dada yangu, ikiwa huyo anayeonyeshwa si mimi mwenyewe. Bila "pekee", mtoto wa babu angeweza kuwa ami au shangazi, na binti huyo angekuwa binamu.

Sasa hii: "Mama yake ndiye binti pekee wa mama yangu." Msemaji anamwonyesha mwanamume. Ni nani? Jibu linategemea jinsia ya msemaji. Kama ni mwanamke, binti pekee wa mama yake ni yeye mwenyewe, kwa hiyo anayeonyeshwa ni mtoto wake wa kiume. Kama msemaji ni mwanamume, binti pekee wa mama yake ni dada yake, na anayeonyeshwa ni mpwa wake. Maneno ni yale yale, majibu mawili. Kila swali la picha lina mtu wa ziada anayesahaulika, naye ni msemaji; mchore, mpe mraba au duara, halafu ndipo uendelee. Kumbuka pia kwamba "mtoto wa baba yangu" anaweza kuwa mimi. Akili ya mtu hukataa kujihesabu, na watunzi wameishi kwa kutegemea hilo.

Kuna kitendawili cha zamani kinachoonyesha tatizo hilo vizuri kuliko mfano wowote. Mwanamume anatazama picha na kusema: "Sina kaka wala dada, lakini baba wa huyu ni mtoto wa baba yangu." Wengi hujibu kwamba anajitazama mwenyewe. Fuata hatua. Mtoto wa baba yangu, kwa mtu asiye na ndugu, ni mimi. Kwa hiyo kauli inakuwa "baba wa huyu ni mimi". Picha ni ya mtoto wake. Wanaokosea walifanya sehemu ngumu kwa usahihi kabisa, wakafika kwenye "mimi", kisha wakaacha kusoma. Dawa yake ni kuandika upya sentensi nzima kila unapobadilisha kipande, mpaka ibaki sentensi fupi isiyo na mzunguko. Ukifanya hivyo kwa kalamu huwezi kusimama katikati.

Maswali ya alama

Hapa uhusiano umefichwa nyuma ya alama, na maana zake hubadilika kutoka swali hadi swali. Tuseme swali limetoa maana hizi:

P + Q: P ni baba wa Q
P − Q: P ni mke wa Q
P × Q: P ni ndugu wa kiume wa Q
P ÷ Q: P ni binti wa Q

Kabla ya kutazama machaguo, andika kando ya kila alama mambo mawili: jinsia inayoitaja na kizazi. Kujumlisha: wa kushoto mwanamume, yuko 1 juu. Kutoa: wa kushoto mwanamke na wa kulia mwanamume, 0. Kuzidisha: wa kushoto mwanamume, 0. Kugawanya: wa kushoto mwanamke, yuko 1 chini. Angalia kwamba ni alama moja tu, ya kutoa, inayokupa jinsia ya mtu wa kulia. Katika zingine zote wa kulia hajulikani.

Swali: ni usemi upi unaothibitisha kwamba K ni ndugu wa kiume wa baba wa T?

(a) K × M + T
(b) K + M × T
(c) K × M − T
(d) T ÷ M × K

Pita kwanza kwa jinsia ya K peke yake. Katika (a), (b) na (c) K yuko kushoto kwa alama ya mwanamume, ni sawa. Katika (d) K yuko kulia kwa kuzidisha: M ni ndugu wa kiume wa K, lakini K mwenyewe anaweza kuwa mwanamke, na hapo angekuwa shangazi wa T. Futa (d), ingawa kwa haraka inapendeza kwa sababu mtu yuko mahali panapotakiwa. Pili, vizazi: K lazima awe 1 juu ya T. Katika (c) ni 0 na 0, futa. Zimebaki mbili, na hizo ndizo za kusoma kikamilifu. Katika (b) K ni baba wa M, naye M ni ndugu wa T, kwa hiyo K ni baba wa T. Katika (a) K ni ndugu wa kiume wa M, na M ni baba wa T. Jibu ni (a).

Mpangilio huo wa kufuta, yaani jinsia, halafu kizazi, halafu usomaji kamili, huokoa muda kwa sababu hatua mbili za kwanza hazihitaji mchoro. Kosa la kuliepuka ni kusoma alama kinyume. "P ÷ Q" ikimaanisha P ni binti wa Q, basi usemi wenye T ÷ M unaanza na mtoto, si mzazi. Watunzi hupenda kuchanganya alama zinazoanza na mzazi na zile zinazoanza na mtoto ndani ya usemi mmoja kwa makusudi.

Familia yenye watu wengi

Maswali haya hutoa familia moja na kuuliza mambo kadhaa juu yake. Tumia muda mwingi kwenye mchoro, kidogo kwenye maswali. Tuchukue watu sita: P, Q, R, S, T na U, wa vizazi vitatu, wenye ndoa mbili kati yao.

1. S ni binti, na ni ndugu wa P.
2. R ni mtoto wa T.
3. U ni mwanamke.
4. Q ni mama mkwe wa U.
5. P ni mjukuu wa T.
6. Hakuna mtu wa kizazi cha mwisho aliyeoa au kuolewa.

Sentensi ya 5 inafunga vizazi vyote vitatu: T juu, P chini, na S yuko safu moja na P kwa sababu ya sentensi ya 1. R ni mtoto wa T, kwa hiyo yuko safu ya kati. Sentensi ya 6 inawatoa P na S kwenye ndoa, na ndoa mbili zinahitaji watu wanne, nao ni waliobaki: Q, R, T na U. Q yuko kizazi kimoja juu ya U. U hawezi kuwa safu ya chini kwa kuwa ameolewa, basi U yuko kati na Q juu. Safu ya juu ina T na Q, safu ya kati R na U, na hizo ndizo ndoa. U ni mwanamke, kwa hiyo R ni mwanamume. Q ni mwanamke, kwa hiyo T ni mwanamume.

T (me) == Q (ke)
|
R (me) == U (ke)
|
S (ke) — P (?)

Q ni nani kwa P? Bibi, mzaa baba. S ni nani kwa T? Mjukuu wa kike. Wanawake ni wangapi? Hapo ndipo wengi hujibu watatu. Q, U na S wana hakika, lakini hakuna sentensi iliyotaja jinsia ya P. Wanaweza kuwa watatu au wanne, na jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Swali lingesema "angalau wanawake wangapi", watatu lingekuwa jibu kamili. Soma kitenzi cha swali: "lazima iwe kweli" na "huenda ikawa kweli" vinataka kazi tofauti juu ya mchoro ule ule.

Sasa ondoa sentensi ya 6 uone kinachotokea. Familia nyingine inaingia bila kuvunja sharti lolote: T ni mzazi wa R, R ameoana na Q, watoto wao ni P na S, P amemwoa U. Vizazi ni vitatu, ndoa ni mbili, Q ni mama mkwe wa U, P ni mjukuu wa T. Kila kitu kinakaa, ila Q ameshuka kutoka bibi hadi kuwa mama wa P. Hiki ndicho kipimo bora kabisa cha mchoro wako: ukimaliza, jaribu kwa sekunde chache kujenga familia ya pili inayotimiza masharti yote. Ikiwezekana, jibu linalotofautiana kati ya familia hizo mbili haliwezi kuwa la lazima, na pengine kuna sharti umeliruka. Isipowezekana, endelea bila wasiwasi.

Mara nyingine swali huongeza kazi, rangi au umri wa kila mtu. Usizitie kwenye mchoro wa ukoo mpaka ukoo wenyewe ukamilike. Tengeneza jedwali dogo pembeni, herufi kwenye safu wima ya kushoto na sifa upande wa kulia, na uhamishe taarifa kati ya viwili hivyo pale tu sentensi inapozitaja pamoja, mfano "mwalimu ameolewa na daktari".

Idadi ndogo kabisa ya watu

"Ndani ya nyumba mna babu mmoja, baba wawili, mama mmoja, wana wa kiume wawili, binti mmoja na mkaza mwana mmoja. Ni watu wangapi kwa uchache?" Ukijumlisha vyeo unapata 8, na 8 itakuwemo kwenye machaguo. Lakini mtu mmoja hubeba vyeo kadhaa. Anza na cheo kinachobana zaidi, hapa mkaza mwana: yuko yeye, mume wake, na mzazi wa mume. Mzazi huyo awe babu, naye anahesabika pia kama baba wa kwanza. Mume ni baba wa pili na mwana wa kwanza. Mkaza mwana ni mama. Wamebaki mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, ambao ni watoto wa hao wawili na ndio wanaomfanya mzee kuwa babu. Jumla 5. Haiwezekani kuwa 4, kwa sababu binti hawezi kuwa mkaza mwana mwenyewe kama hana mzazi ndani ya nyumba, na mjukuu mmoja hawezi kuwa mwana wa kiume na binti kwa pamoja.

Taarifa zinatosha?

Aina hii haikuulizi jibu. Inakuuliza kama jibu linaweza kupatikana. "F ni nani kwa G? Taarifa ya kwanza: F na G ni watoto wa H. Taarifa ya pili: H ana binti mmoja tu, naye ni G." Ya kwanza peke yake inasema ni ndugu, lakini F hana jinsia, kwa hiyo haitoshi. Ya pili peke yake haimtaji F kabisa. Zikiunganishwa, F ni mtoto wa H na binti pekee ni G, kwa hiyo F ni mwanamume: kaka wa G. Zinatosha zikiwa pamoja. Ukipima taarifa ya pili, funika ya kwanza kwa mkono. Taarifa uliyokwisha kuisoma hujipenyeza, na ndiyo sababu ya makosa mengi katika aina hii.

Upande wa jibu, na mazoezi

Kosa linalobaki hata kwa waliochora vizuri ni kugeuza jibu. "A ni nani kwa B" inataka cheo cha A kinachotamkwa na B. Jiweke mahali pa B, mtazame A kwenye mchoro, na ujiulize utamwitaje. Mjomba na mpwa, bibi na mjukuu, mama mkwe na mkaza mwana huwekwa pamoja kwenye machaguo kwa ajili ya wale wanaojibu kutoka upande wa A. Kabla ya kutia alama, isome sentensi kamili kimoyomoyo: "A ni … wa B."

Kwa swali moja la picha, lenga chini ya dakika moja. Kwa familia ya watu sita au saba, dakika tatu za mchoro si nyingi ikiwa maswali matatu au manne yanautegemea. Ukikwama, usianze upya mara moja. Tafuta sentensi ambayo hujaitumia, kwa kuwa karibu kila sentensi imewekwa kwa kazi fulani. Ndiyo maana ni vizuri kuweka tiki kando ya kila sentensi ukishaichora.

Zoezi linalojenga uwezo kwa kasi ni kutunga badala ya kujibu. Chora familia ya watu saba, iandikie masharti sita, kisha futa sharti moja moja na uangalie ni lipi likiondoka familia ya pili inajitokeza, na ni lipi likiondoka hakuna kinachobadilika. Lile lisilobadilisha kitu lilikuwa limekwisha kusemwa na mengine. Lifute kabisa, andika jingine mahali pake, ujaribu tena.